Maswali ya Wasomaji: Santuri za Jazz, za Kale na za Sasa

Barua za safari hii zimetoka kwa wageni walionunua santuri yao ya kwanza na kwa wakongwe ambao rafu zimewajaa. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo huweza kuharibu santuri au kumtia mtu hasara.

Swali: Shikamooni wahariri. Nimeuziwa *Blue Train* ya John Coltrane, ya kampuni ya Blue Note. Lebo ya upande mmoja imeandikwa 47 West 63rd, ya upande wa pili New York USA. Muuzaji anaapa kwamba ni chapa ya kwanza kabisa. Nimwamini?

Jibu: Marahaba. Kwa hilo la chapa ya kwanza, usimwamini. Santuri haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko lebo yake iliyo changa zaidi, na lebo ya New York USA ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilhali muziki huu ulirekodiwa Septemba 1957. Lebo ya 47 West 63rd (anwani ya zamani ya kampuni) ilitangulia, na kabla yake kulikuwa na ya 767 Lexington. Blue Note hawakuwa watu wa kutupa karatasi: lebo za zamani ziliendelea kubandikwa hadi zikaisha, ndiyo maana pande mbili za santuri moja hutofautiana. Kwa sababu hiyo hiyo, hata ungekuwa na 47 West 63rd pande zote mbili, bado lebo peke yake isingetosha kuwa ushahidi.

Iweke santuri chini ya taa moja kali, uinamishe kidogo, kisha usome lile eneo laini kati ya mwisho wa muziki na lebo. Utaona namba ya santuri, yenye A au B mwishoni. Tafuta pia herufi RVG, zilizochorwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri, au jina zima VAN GELDER. Hiyo ni alama ya Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, hadi alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs mwaka 1959, na ambaye alichonga sahani mama (ile ya kwanza, inayotolewa kalibu za kuchapia santuri) kwa mikono yake. Kisha tafuta alama ndogo inayofanana na sikio. Ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichochapa santuri za Blue Note hadi 1966. Kampuni ya Liberty, iliyoinunua Blue Note mwaka 1965, ilirithi kalibu za Van Gelder lakini ikazipeleka viwanda vingine. Kwa hiyo RVG bila sikio, karibu kila mara, ni chapa ya baada ya 1966.

Ukiliona sikio, umepata santuri nzuri: imetoka kwenye mikono ile ile, kiwanda kile kile, miaka michache tu baadaye. Dai urudishiwe tofauti ya bei, kisha uifurahie. Wapo wanaotegemea ule mduara uliozama katikati ya lebo kama uthibitisho. Huo ni alama ya vyuma vya mashine ya kuchapia tu, na vyuma hivyo vilibadilishwa bila mpangilio.

Jambo lililo kubwa kuliko yote hayo ni hali ya mifereji. Santuri nyingi za miaka ya 1950 zilipigwa na mikono mizito ya mashine yenye sindano zilizokwisha. Uchakavu huo hauonekani kama mkwaruzo. Sehemu zenye sauti kubwa hupoteza weusi wake na kuwa na rangi ya kijivu, na ukisikiliza, saksofoni inakoroma kila inapopanda. Hakuna sabuni itakayoiponya. Kabla ya kulipa, omba usikilizishwe solo yenye nguvu iliyo karibu na mwisho wa upande.

Swali: Marehemu babu ametuachia kreti mbili za zile santuri nzito za 78. Nyingine zina majina ya Louis Armstrong na Fletcher Henderson. Zimejaa vumbi na ukungu. Nizisafisheje, na je, naweza kuzipiga kwenye mashine yangu ya kawaida?

Jibu: Kwanza kabisa: usizipake spiriti wala dawa ya kusafishia LP (zile santuri za vinili). Santuri hizi zimetengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe, na shelaki huyeyuka kwenye alkoholi. Ukipitisha kitambaa chenye spiriti mara moja, umefuta muziki.

Peleka kreti nje, uvae kitambaa puani, upanguse ukungu mkavu kwa brashi laini ya rangi. Halafu chukua maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato, lowesha sifongo, kamua, pitisha kwa kuzunguka kufuata mifereji. Usiiloweke santuri, usiiguse lebo kwa maji. Suuza kwa sifongo nyingine yenye maji safi, ifute papo hapo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha isimamishe ikauke. Yenye ufa ifute kwa brashi kavu tu. Ukikuta santuri nene sana, karibu milimita 6, yenye jina la Edison, isiguse maji hata kidogo. Kiini chake hunyonya unyevu na ngozi ya juu hubanduka. Hizo pia hazipigwi kwa njia ya kawaida, kwa kuwa sindano yake husoma mawimbi ya juu na chini badala ya pembeni.

Kuhusu mashine, unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika. Cha pili, ambacho watu hukisahau, ni sindano. Mfereji wa 78 ni mpana: unataka ncha ya takriban mikroni 75, wakati sindano ya LP za stereo ina 18 hivi. Sindano ya LP huzama hadi chini ya mfereji, inaburuzika kwenye takataka za miaka themanini, unasikia mvumo badala ya tarumbeta. Katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) nyingi huruhusu kuchomoa sindano na kuchomeka nyingine, kwa hiyo nunua sindano ya 78 ya katriji uliyo nayo na ufuate uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kama babu ameacha pia gramafoni ya kukoroga, iache ipumzike. Kichwa chake ni kizito mno, na sindano yake ya chuma ilikusudiwa kutupwa kila baada ya upande mmoja.

Ukizisikia zimekuwa nzito chini na butu juu, si ubovu. Sehemu ya santuri ndani ya amplifaya yako imepangwa kwa kipimo cha RIAA, cha kusawazisha besi na sauti nyembamba, kilichokubaliwa mwaka 1954, na santuri hizi hazikijui. Punguza besi, ongeza sauti nyembamba, amini masikio. Ujue pia kwamba hadi 1925 hapakuwa na maikrofoni: wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa. Bendi ya King Oliver, Armstrong akiwamo, ilirekodi hivyo kwa kampuni ya Gennett mwaka 1923. Ngoma na besi hazisikiki vizuri humo kwa sababu hiyo, wala si kosa la mashine yako.

Zihifadhi zikiwa wima, zimebanana kiasi, kila ukubwa na rafu yake. Santuri ya 78 iliyoegemea kwa mshazari hupinda, na ikianguka huvunjika kama kigae.

Swali: Napanga santuri zangu kwa mwaka. Kwa nini 1943 ni tupu? Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa wapi?

Jibu: Walikuwa kazini, ila hawakurekodiwa kibiashara. Chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi kuanzia tarehe 1 Agosti 1942, kikidai malipo kwa sababu santuri zilikuwa zinawanyang'anya kazi. Decca walikubaliana nacho Septemba 1943, Columbia na Victor wakasubiri hadi Novemba 1944. Mtindo wao wa jazz, bebop, ulikua katikati ya pengo hilo, kwa hiyo santuri zake za kwanza zinatusikilizisha watu ambao tayari wameshaiva. Kwa 1943 tafuta V-Disc, zilizotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi kwa ruhusa maalumu, na matangazo ya redio yaliyotolewa baadaye.

Swali: Nyimbo za mwanzo wa upande zinatoka safi. Ya mwisho, tarumbeta inakwaruza na matoazi yanatoa "shhh" mbaya. Nimebadilisha spika, hali ni ile ile.

Jibu: Spika hazina hatia. LP huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini mfereji wa ndani ni mfupi. Ukingoni sindano hupita karibu sentimita 51 kwa sekunde, karibu na lebo ni kama 21 tu. Mawimbi yale yale yamebanwa ndani ya chini ya nusu ya nafasi, na tarumbeta ina mawimbi makali yenye kona nyingi. Kosa lolote la mpangilio wa sindano hujitokeza hapo kwanza.

Fuata utaratibu huu bila kuruka. Safisha sindano kwa brashi kavu, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si pembeni. Pima uzito wake kwa mizani ndogo ya kidijitali, usiamini namba za kwenye mkono wa mashine. Katriji nyingi za kawaida hutaka kati ya gramu 1.8 na 2, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Hapa kuna imani potofu inayoharibu santuri nyingi: kwamba sindano nyepesi ni salama zaidi. Sindano iliyo nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kila inapotua inachonga ukuta. Afadhali uwe upande wa juu wa kipimo kuliko wa chini.

Kisha tumia kipimo cha karatasi cha kupanga katriji. Kina alama mbili. Kwenye mpangilio unaotumika sana zipo milimita 66 na 121 kutoka katikati ya ekseli. Shusha sindano kwenye kila alama na uhakikishe katriji imelala sambamba na mistari. Isipokubali, legeza skrubu mbili za katriji, isogeze mbele au nyuma kwa nusu milimita, urudie. Ni kazi ya saa nzima kwa anayeanza. Usiiharakishe.

Mwisho angalia kile kifaa kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati. Kama mkwaruzo unasikika spika ya kulia zaidi, kiongeze. Kama ni kushoto, kipunguze. Ukimaliza yote na bado inakwaruza, jaribu kwa santuri mpya iliyo safi. Ikitoka vizuri, ile ya kwanza imechakaa. Ikikwaruza vilevile, sindano yako imekwisha au ina ncha ya duara. Ncha ya duaradufu hufuata kona hizo vizuri zaidi.

Swali: Najifunza tarumbeta. Nikipiga pamoja na *Kind of Blue* ya Miles Davis kutoka santuri ya mjomba, upande wa kwanza haupatani na ala yangu, upande wa pili unapatana. Kwenye nakala yangu mpya pande zote ziko sawa. Mashine mbovu?

Jibu: Mashine ni nzima na masikio yako ni mazuri. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959, na siku hiyo mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Mkanda ulipopigwa kwa mwendo sahihi, sauti ikapanda. Nyimbo za upande wa pili ni za tarehe 22 Aprili, mashine ikiwa sawa. Hitilafu hiyo iliendelea kuchapwa kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi toleo la 1992 lilipotengenezwa kutoka mkanda wa akiba uliorekodiwa kwenye mashine nyingine. Jizoeze kwa nakala mpya. Ya mjomba itunze, ni sauti ambayo vizazi viwili vya wanamuziki waliisikia na kuizoea.

Swali: Mwenzangu anasema santuri zote mpya ni CD zilizohamishiwa kwenye vinili, na kama huna chapa ya zamani heri ukae bila. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ingawa ana sehemu ya haki. Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilikwishatoka kwenye ulinzi wa haki za warekodi kabla muda haujaongezwa kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2013. Kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapa, na wengi wanaofanya hivyo hawana mkanda mama, yaani ule wa asili wa rekodi. Wanachukua faili ya CD, wanaweka kava la kupendeza na kibandiko cha "gramu 180". Gramu 180 ni uzito wa plastiki, haisemi lolote kuhusu chanzo cha sauti. Kava lisilotaja fundi aliyechonga sahani mama wala mkanda uliotumika, lirudishe rafuni.

Kwa upande mwingine, matoleo ya Tone Poet ya Blue Note yaliyoanza 2019 yamechongwa na Kevin Gray kutoka mikanda mama (tazama herufi zake, KPG, karibu na lebo), na yanapita chapa nyingi za zamani kwa utulivu wa uso wake. Na wakati mwingine kipya ndicho cha kweli zaidi. LP ya Duke Ellington ya tamasha la Newport, 1956, kwa sehemu kubwa ilirekodiwa upya studio na kuongezewa makofi. Katika ile solo maarufu ya mizunguko 27 ya wimbo, mpiga saksofoni Paul Gonsalves alikuwa amepigia maikrofoni ya redio ya Voice of America badala ya ile ya Columbia. Mkanda wa redio ulipopatikana, toleo la 1999 likaunganisha rekodi mbili na kuturudishia usiku wenyewe.

Kwa muziki wa leo, lawama ya "ni ya kidijitali" haina mashiko. Mpiga ngoma Makaya McCraven alitengeneza *In the Moment* ya 2015 kwa kukata na kuunganisha rekodi za maonyesho yake kwenye kompyuta. Hakuna mkanda mama wa kuutafuta. Wewe kagua uchapaji. Piano inayoyumba sauti mara moja kila sekunde 1.8 ni tundu lililotobolewa nje ya kitovu. Mlio kama kitambaa kinachopasuka, upande mmoja wa spika, ni vinili haikujaa kwenye kalibu. Vyote viwili havioshwi vikatoka. Irudishe wiki hiyo hiyo.

Swali: LP zangu za mono zina kelele kuliko za stereo, hata zilizo safi. Nifanye nini?

Jibu: Bonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya. Muziki wa mono, yaani wa njia moja ya sauti, uko kwenye mwendo wa pembeni tu, lakini sindano ya stereo inasoma na wa juu na chini, ambako kuna vumbi na uchakavu pekee. Ukiunganisha njia mbili, kelele hizo hufutana. Kama kitufe hakipo, katriji ya mono hufanya kazi hiyo hiyo. Epuka katriji kongwe za mono zisizonesa juu na chini: zikipita kwenye santuri ya stereo zinaichimba.

Swali: Nina santuri kumi tu na sijui ya kumi na moja iwe ipi. Orodha za "bora zaidi" zimenichosha.

Jibu: Geuza kava, usome majina madogo. Mchague mmoja asiye kiongozi, umfuate. Chukua Paul Chambers, mpiga besi. Yumo *Kind of Blue*, na kikao cha pili cha kurekodi albamu hiyo kiliangukia siku aliyotimiza miaka 24. Yumo *Blue Train*, yumo *Giant Steps* ya Coltrane, yumo kwenye kikao cha Art Pepper cha Januari 1957, na 1957 hiyo hiyo alitoa *Bass on Top* kwa jina lake. Sikiliza upande mmoja mara mbili: kwanza kama kawaida, halafu ukimfuata Chambers peke yake, hata wakati wa solo za wengine. Utasikia anavyomsukuma mpiga saksofoni, na pale anapochukua upinde utaitambua sauti yake popote.

Kwa kizazi hiki, jaribu hivyo hivyo kwa Theon Cross, ambaye tuba yake ilibeba kazi ya besi ndani ya Sons of Kemet, bendi ya mpiga saksofoni Shabaka Hutchings. Kutoka kwa Hutchings utafika *Wisdom of Elders* ya 2016, ambamo piano inapigwa na Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini, na kutoka kwake utarudi Blue Note, iliyotoa albamu yake mwaka 2020.

Swali: Santuri mbili zimepata utando kama moshi ambao hautoki hata nikiosha. Nyingine zimeanza kupinda. Nimekosea wapi?

Jibu: Utando ule ni wa mifuko ya plastiki laini ya PVC, ile minene inayonata mkononi. Kemikali zake hupanda kwenye vinili, na zikishaungana nayo hazitoki. Itoe mifuko hiyo yote leo, weka ya polithini. Ndani ya kava tumia mfuko laini wa polithini badala ya karatasi ngumu.

Kupinda kunaletwa na joto na mshazari. Santuri zisimame wima kabisa, mbali na dirisha, kwenye nyuzi 18 hadi 21 ikiwezekana, unyevu usipite asilimia 50. Weka kigawanyo kila baada ya sentimita 30, na uchague rafu imara: mita moja ya LP hufika kilo 50 na kuzidi.

Za vinili unaweza kuziosha kwa mililita 800 za maji yaliyokenekwa, 200 za alkoholi ya isopropili na matone mawili ya sabuni isiyo na manukato, kisha uzisuuze kwa maji yaliyokenekwa matupu. Chupa hiyo ibandike karatasi yenye maandishi makubwa, SI YA 78, uiweke mbali na kreti za shelaki.